Sikujua Kilichoniunguza Paja

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wenzangu habari za asubuhi. Muuguzi ameniomba nizungumze kidogo wakati mnasubiri kubadilishiwa bandeji. Siwezi kumkatalia, maana mikono yake imenisafisha siku nyingi. Naitwa Shomari, mtu wa Kiegeani, hapahapa kisiwani. Kazi yangu ni kufua mashuka na mataulo kwenye hoteli ya wageni kule Utende, mwaka wa tisa huu.

Nilikuwa mvutaji. Sigara nilianza kabla sijaota ndevu. Mke wangu, Mama Rehema, ana pumu, na kila nikivuta karibu naye alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta. Siku chache kabla ya Ramadhani akaniambia, "Baba Rehema, mimi sikulazimishi. Lakini kifua nilicho nacho ni hiki kimoja." Nikaapa mbele yake kwamba sigara sitavuta tena.

Nilivumilia mfungo wote. Ilipopita Idi tu, mgeni mmoja aliyekuwa anaondoka akanipa sigara yake ya umeme. Ni kifaa kama tochi ndogo. Unabonyeza kitufe, kinachemsha maji yake yenye harufu ya embe, nawe unavuta mvuke. Alinipa na betri mbili, moja ndani na moja ya akiba, nene kama kidole gumba. Akanieleza mambo ya hizo betri, lakini gari lilikuwa linamngoja na Kiingereza chake kilikwenda mbio. Nikawa naitikia tu.

Tangu siku ile nikawa sijielewi. Hii ni sigara au si sigara? Haina moto, haina majivu. Kiapo nimekivunja au sijakivunja? Kwa kuwa sikuwa na jibu, nikaificha. Nilikuwa navuta nyuma ya kamba za kuanikia, nikirudi nyumbani natafuna karafuu. Betri nilizichaji kwa chaja niliyookota kwenye chumba cha wageni, sikujua kama ndiyo yake. Ile ya akiba plastiki yake ilichanika ubavuni, chuma kikaonekana. Nikaona ni karatasi tu, kama ya pipi. Nikawa natembea nayo mfukoni pamoja na funguo za stoo.

Asubuhi moja tulikuwa tunakunja mashuka, mimi na mwenzangu Bi Tatu. Nikasikia paja la kulia linapata joto. Naona haya kusema, lakini nilidhani nimejikojolea. Nikatazama chini, suruali kavu. Joto likazidi. Kisha nikasikia mlio kama wa mafuta ya moto yaliyoingia maji, na mara kishindo. Moto ukatoka mfukoni. Nikaupiga kwa kiganja, kiganja nacho kikaungua. Bi Tatu akaivuta suruali yangu kwa nguvu akaitupa, akanimwagia ndoo nzima ya maji ya kusuuzia.

"Shomari, una nini mfukoni?"

"Sijui."

Na kweli sikujua. Sigara ya umeme ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Niliipapasa, nikaikuta nzima. Sasa kama yenyewe ni nzima, mimi nimeunguzwa na nini? Betri ya akiba haikunijia kabisa akilini.

Ndani ya gari la kunipeleka hospitali watu wakabishana. Huyu anasema pasi, huyu anasema simu imelipuka, mwingine akasema nimetupiwa kitu na mbaya wangu. Mimi nawasikiliza kama wanamzungumzia mtu mwingine.

Kidonda kilikuwa na upana wa sahani. Pembeni kilikuwa chekundu na kinauma kupita kiasi, lakini katikati kilikuwa cheupe na hakiumi hata kidogo. Hilo nalo lilinishangaza.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, akaniuliza, "Umeungua na nini?"

Mama Rehema alikuwa amesimama kando yangu.

"Pasi, daktari," nikasema.

Akakitazama kidonda. "Pasi huacha alama ya pasi, baba."

Wakaniosha, wakanifunga, wakanilaza. Siku zikapita, kidonda kikawa kinaoza badala ya kupona. Kilitoa usaha wenye harufu ambayo hata mimi mwenyewe nilikuwa nageuzia uso. Ndani mlikuwa na chembe nyeusi ambazo kila zikifutwa kesho yake zinaonekana nyingine. Homa ikanipanda. Mchana mmoja nilimwita Mama Rehema kwa jina la marehemu mama yangu, nikamwambia aanue mashuka mvua inakuja. Mvua haikuwepo.

Na niwaambie la aibu zaidi. Katika hali ile, nilikuwa nikijikokota mpaka chooni kuvuta mvuke wa embe. Nikivuta, moyo unatulia dakika chache, halafu kichwa kinazunguka, natapika. Sikujua tena kipi ni homa, kipi ni dawa za hospitali, na kipi ni ile sigara.

Daktari akasema, "Kidonda hiki kinanichanganya. Kikiendelea hivi itabidi uvuke kwenda Dar, na huo mguu siwezi kukuahidi."

Siku iliyofuata Mama Rehema alikwenda Utende kuchukua nguo zangu. Bi Tatu alikuwa ameitunza ile suruali iliyoungua. Mke wangu akapekua mfuko. Akakuta funguo za stoo, mmoja umeungua mweusi, na ganda la chuma lililopasuka kama ganda la mhogo. Akarudi nalo hospitali. Alisubiri mpaka daktari alipopita wodini, akaliweka lile ganda mkononi mwake.

"Daktari, pasi yake ndiyo hii."

Daktari akaligeuza. "Hii ni betri. Betri ya nini, baba?"

Wote wawili wakanitazama. Nikatia mkono chini ya mto, nikaitoa sigara ya umeme.

Daktari hakunigombeza. Alinieleza kwamba funguo ziligusa betri pale ilipochanika, umeme wote ukapita kwa mkupuo, betri ikachemka na kupasuka. Dawa za ndani yake na vipande vya chuma vilikuwa bado ndani ya nyama yangu. Akasema, "Ungeniambia siku ya kwanza, ningejua natafuta nini." Siku hiyohiyo nikaingizwa chumba cha upasuaji. Wakanidunga usingizi, wakakata nyama iliyokufa, wakatoa vile vipande, wakasafisha upya. Homa ikashuka. Baada ya wiki kidonda kikaanza kuwa chekundu kizuri, kikafunga taratibu, kama miezi miwili hivi.

Mama Rehema aliniletea uji kila siku, lakini siku tatu hakusema nami. Ya nne akaniuliza, "Ulipoapa, uliiapia sigara au ulikiapia kifua changu?" Jibu sijalipata mpaka leo, na yeye hajarudia kuuliza.

Sasa natembea. Ngozi ya paja inavuta, kwa muda mrefu nilikuwa naswali juu ya kiti. Mwezi uliopita niliweza kukaa chini baina ya sijida mbili, nikalia kidogo. Alhamdulillahi. Nawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa, namshukuru Bi Tatu na ndoo yake, namshukuru mke wangu.

Sijavuta tena, ila kuna asubuhi mkono wenyewe unapapasa mfuko wa shati, nami sijui ni mkono wangu au wa nani. Ukiweza, usianze kabisa. Na ukiwa nayo hiyo ya umeme, betri usiichanganye na funguo wala sarafu, iwe na kikasha chake. Ikichanika plastiki au ikivimba, usiitumie tena. Ichaji kwa chaja yake, mahali unapoiona, mbali na godoro.

Na daktari akikuuliza umeungua na nini, mwambie. Mwambie hata kama mkeo amesimama kando yako.