Chini ya Bwawa Letu

Mimi ni mwenyekiti wa bwawa. Wengine wana vyeo serikalini. Mimi nina ukuta mkuukuu wa mawe nje ya Kitale, uliojengwa na mzungu fulani aliyetaka kuvua samaki bila kwenda mbali. Siku hizi kila Jumapili watu huja kupanda mashua zetu mbili, kula samaki na kupigana picha. Nami huzunguka katikati yao, mikono nyuma, kama chifu.

Basi mkaguzi wa mabwawa alipokuja kutupangia daraja la hatari, nilivaa koti. Nikaupiga ukuta kofi mbele yake. "Huu, bana, utatuzika sisi sote!" nikamwambia, wala sikusikia nilichosema.

Kumbe daraja halitokani na ukuta peke yake. Alitaka kujua, maji yakitoroka, yatamkuta nani. Kama ni mahindi tu, tungeendelea na Jumapili zetu. Kama ni watu, maji yangepunguzwa mpaka ukuta urekebishwe, na mashua zangu zikae kwenye matope.

"Kule chini hakuna mtu," nikasema. "Ni mahindi na majani ya nepia ya kulisha ng'ombe."

Nilisema kwa uhakika wa mtu ambaye hajafika huko miaka mingi. Ngoja nijitetee. Shamba la kule chini ni la mama mkwe wangu, na mimi ni mtu wa Bungoma: kwetu mtu hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso ovyo ovyo. Ukimwona njiani, unaingia kichakani. Mimi, kwa adabu zangu nyingi, niliikwepa njia yote. Nilijua nyumba yake iko juu kilimani, na hilo lilinitosha.

Mkaguzi akasema twende tukaone. Nikasema kuna tope. Akanionyesha gambuti zake.

Hatukufika mbali nikaona bati jipya, kuku, na nguo za watoto kwenye kamba. Kumbe kilimani mama mkwe alikuwa amewaachia wanawe, akahamia kando ya mto na wajukuu. Na huyo hapo, anasugua sufuria! Mwenyekiti mzima nikaruka ndani ya nepia.

"Mama, unalijua hilo bwawa huko juu?" mkaguzi akamuuliza.

"Nalijua. Mvua ikinyesha usiku silali. Nawavisha watoto viatu, tunakaa tukisikiliza."

"Si ungewaambia wenyewe?"

"Mwenyewe ni mkwe wangu. Ningemwambiaje?"

Niliona aibu, jamani. Majani yalikuwa yananikata masikio na sikuyajali. Kutoka sikuweza, nikapaza sauti humo humo: "Mkaguzi! Andika kuna watu. Andika kuna watoto!"

Sufuria ikanyamaza. Mama mkwe akaipa nepia mgongo, kama inavyotakiwa, akasema, "Asante, baba. Sasa toka huko ukafungue hayo maji yapungue polepole. Mawingu ya leo siyapendi."

Nilikimbia.