Mwendo wa Kitini

Kila asubuhi, kabla ya kuifunua cherehani, Shangazi hutia simu kwenye mfuko wa kulia wa aproni, akaigonga taratibu kwa kiganja. "Haya, shoga, kazini."

Programu iliyomo aliwekewa na binti wa kaka yake, anayetengeneza programu za simu. Hiyo husoma vihisi, vile vinavyojua simu inapotikisika au kulala, kisha hukisia mwenye simu anafanya nini: anatembea, ameketi, ameanguka. Akianguka, iwaite watu. Shangazi alikuwa na miaka sabini na mitatu, akiishi peke yake ghorofani, chumba kimoja cha kulala na kimoja cha kushonea. Kaka mkubwa wa binti alikwisha kukata shauri: mwisho wa mwezi Shangazi ahamie kwake, cherehani iuzwe. Binti aliomba wiki moja tu, aonyeshe kwamba simu inaweza kumlinda.

Wiki ilipokwisha, kaka aliisoma ripoti akacheka hadi akakohoa.

"Jumanne Shangazi katembea masaa matano bila kupumzika! Alikuwa anamkimbia nani? Dada yangu, kidude kisichojua kukaa wala kutembea, kitajuaje mtu ameanguka?"

Binti akaichukua ripoti yake. Alikwenda kwa Shangazi, akajibanza kando ya rundo la vitambaa, akatazama. Goti la kulia lilipanda na kushuka juu ya pedali, na simu mfukoni ikipanda na kushuka nalo.

"Kumbe ni pedali!"

"Sasa ulidhani inajiendesha kwa dua?" alisema Shangazi, pini zimebanwa midomoni. "Miaka hamsini nakanyaga hapahapa. Ingekuwa ni barabara, ningeshaizunguka dunia nikarudi kupika."

Mchana kutwa waliifundisha programu. Shangazi akishona, binti anabonyeza "anashona". Akiinuka kupima kitambaa, "amesimama". Kufikia jioni ikaacha kukosea.

Binti akamwandikia kaka yake ujumbe mrefu wa ushindi. Kidole kikasita kabla ya kuutuma. Wiki nzima wawili hao walikuwa wakimvutania mtu ambaye hakuna aliyemuuliza neno.

"Shangazi, wewe mwenyewe unataka kuhama?"

Shangazi aliondoa mguu kwenye pedali.

"Sitaki. Ila nikianguka, uje wewe."