Sura ya Kugo Ndani ya Kompyuta

Enzi zetu kompyuta ilivishwa kitambaa cha kufuma kama kiti cha wageni, na mtoto hakuruhusiwa hata kuipumulia. Pale kwetu Chepilat niliijua moja tu, ya Senge Cherono, dada ya baba, aliyekuwa na studio ya picha. Tukitoka shule, miguu imejaa matope na sweta zanuka moshi, tulisimama mlangoni kuitazama. "Mikono nyuma!" alitukemea, nasi tukatii.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, msimu wa mvua nyingi, Kugo, babu yetu, alianza kusahau. Alimaliza mursik yake, yale maziwa yaliyoganda, kisha akauliza mbona hajapewa maziwa. Tulicheka, hadi asubuhi tuliyokuta kitanda chake kitupu na mlango wazi. Ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya chai. Wanaume waliteremka mtoni wakimwita, wakasikiliza, wakaita tena.

Kesho yake bado hakuonekana. "Tutafute picha yake," baba alisema. "Tubandike sokoni, hospitali ya Longisa, kila pahali." Picha yake ya pekee ya karatasi ilikuwa imelowa paa lilipovuja, uso ukabaki doa. Lakini kabla ya hapo Senge alikuwa ameiskani kwenye kompyuta yake. Tukakimbia studio.

Kompyuta haikuwaka. Ilinguruma, ikalia tik, tik, kama meno ya mtu mwenye baridi, kioo kikabaki cheusi. Senge akazima, akawasha tena. Tik, tik. Tulisogea hadi mezani naye hakutukemea, nami nikaogopa zaidi.

Akamwita Mama Njeri, jirani mwenye duka la vifaa vya stima, aliyesomea kompyuta Nakuru.

"Wacha kuwasha," Mama Njeri alisema. "Ukiilazimisha, diski inakufa na kila kitu. Hiyo picha uliweka pengine?"

"Hapana," Senge akajibu polepole. "Ni hapo tu."

Mama Njeri alifungua kasha, akapangusa vumbi, akakaza nyaya, akaiacha ipoe. Baba alikaa kwenye benchi la wateja. "Ikiwaka, tunatoa mzee kwanza," Mama Njeri akaonya. "Zingine baadaye."

Ikawaka. Wakanakili Kugo kwenye disketi, kisha printa ikamtoa mstari kwa mstari: kofia, paji la uso, macho. Senge alilia. Walijaza disketi nyingine chache kabla tik, tik haijarudi. Kompyuta ile haikuwaka tena, na harusi za watu zilipotelea humo.

Ujanani Kugo alifanya kazi ya reli, kwa hiyo baba alipeleka karatasi hadi stesheni ya Fort Ternan. Muuza miwa akaitambua sura. Walimkuta kando ya reli, viatu hana, akingoja treni. Baba alipomwonyesha karatasi, Kugo aliitazama kwa huruma. "Huyu mzee amepotea?" akauliza. "Watu wake wanamtafuta?"

Siku hizi binti yangu hupiga picha sahani ya chipsi mpaka zipoe. Nikimuuliza amezihifadhi wapi picha hizo, hujibu, "Mum, si ziko online?" na hucheka akiniona nikinakili zangu pahali patatu. Namwonea wivu kwa kutoijua hofu ile. Lakini sisi, picha moja ikifika nyumbani, tulinawa mikono kwanza, tukaketi wote jikoni tukipokezana, na hakuna aliyeharakisha kumpa mwenzake.