Macho Aliyonyimwa Kuyili

Kuyili alikuwa na miaka sitini na mmoja walipomzuia kwenye mlango wa hekalu, na sanamu iliyokuwa ndani aliichonga yeye. Lisemwe mapema, kabla hasira haijachanganya maneno.

Pale Kalmedu, mji wa wachonga mawe kusini mwa India, kila mtu anajua kwamba jiwe lina jinsia. Unaligonga kwa nyundo: likilia kama kengele ni dume, likilia kwa sauti nyembamba ni jike, likinyamaza litandike chini watu walikanyage. Kuyili aliyatofautisha kabla hajajua kusoma. Kaka zake watatu walilikimbia vumbi wakaenda kutafuta kazi za ofisini jijini Chennai, baba akabaki na binti. "Ungekuwa mwanamume wewe!" alimwambia kila alipomaliza kazi nzuri. Eti hiyo ndiyo ilikuwa sifa.

Akaolewa na mchongaji. Vumbi likamla mume mapafu, likamwachia mke tindo kumi na mbili na ujane. Miaka thelathini alichonga nyuma ya karakana, pazia limeshushwa, huku shemeji yake akipokea pongezi mbele. Hapo ndipo alipoanza kuandika. Wali ukichemka, yeye kakaa sakafuni na daftari, anaandika yale ambayo akina baba huwanong'oneza wana wao wa kiume tu: vipimo vya uso, sauti za mawe, namna ya kushika tindo karibu na jicho. Kitabu kilipotoka wazee wa kazi waliwaka. "Mwanamke kaanika siri za ukoo!" Leo hakuna karakana Kalmedu isiyo na kitabu hicho, na wanaokitukana ndio wanaokikariri. Shukrani ya punda ni mateke.

Sanamu hii ya Mama, mungu wa kike wa mji, Nallathambi mwenyekiti wa kamati ya hekalu alikuja mwenyewe kuiomba, na mkungu wa ndizi mkononi. Kuyili akaichonga miezi kumi na mmoja. Yalibaki macho. Macho hufunguliwa mwisho, siku mbili kabla ya sherehe kuu, kwa tindo ya dhahabu, na kuanzia hapo jiwe linaona. Anayeyafungua ni yule aliyechonga. Ndivyo walivyofanya mababu, wala hakuna aliyewahi kubisha.

Siku hiyo Kuyili alifunga, akaoga, akaenda. Akamkuta Nallathambi kasimama katikati ya mlango.

"Dada Kuyili, wewe mtu mzima, unaelewa. Mama afumbue macho, wa kwanza kumwona awe mjane? Si mkosi huo? Elumalai atamalizia."

"Miezi kumi na mmoja nilipokuwa nampapasa uso, ujane wangu ulikuwa likizo?"

"Wakati ule lilikuwa jiwe tu."

"Na nani kalifanya lisiwe jiwe tu?"

Mwenyekiti akakohoa, akatazama viatu vya watu. Elumalai, fundi wa miaka arobaini aliyejifunza kazi kwa Kuyili, alipita kainamisha kichwa. "Mama mwalimu, wamenilazimisha."

"Sijaona kamba, Elumalai. Nenda."

Akaingia. Jicho la kulia likatoka sawa. La kushoto, tindo iliteleza upana wa punje ya mchele. Pazia la hekalu lilipofunguliwa wanawake waliguna: jicho moja la Mama liliwatazama wao, na la pili lilitazama feni ya darini, iliyoandikwa jina la mfadhili wake, Nallathambi, kwa rangi nyekundu.

Jioni mwenyekiti alibisha hodi kwa Kuyili. Safari hii pia alileta ndizi.

"Dada, njoo uliweke sawa kidogo tu. Tutafunga mlango, tutashusha pazia. Hakuna atakayejua."

Kuyili alitaka. Alitaka mpaka vidole vilimuuma. Lile jicho, aliloliona kutoka mlangoni, lilikuwa limemkaa rohoni tangu asubuhi, na alijua mapigo sita yangetosha.

"Nakuja kesho mchana," alisema. "Mlango wazi, pazia juu, mji mzima unatazama."

"Hilo haliwezekani. Watu watasemaje?"

"Kwa hiyo mkosi wangu huja watu wakiona tu; pazia likishuka, Mama haumdhuru?"

Nallathambi alizichukua ndizi zake akaondoka, na sherehe ikafanyika hivyo hivyo, ngoma na mashada ya maua, mungu mwenye makengeza.

Ijumaa iliyofuata Kuyili alipanga foleni na nazi yake ya sadaka kama mwanamke mwingine yeyote. Zamu yake ilipofika alisimama mbele ya uso alioutoa jiweni, machozi yakamtoka. Mwenyekiti alikuwa hatua mbili kando yake, na hekalu zima lilisikia.

"Nisamehe, Mama," alisema. "Mikono ninayo. Ruhusa ndiyo sina."