Somo la Sehemu Mbele ya Madawati Matupu

Niliyoyaona ni machache, na nitayaandika yote. Niliyoyasikia ni mengi. Nitayataja mara moja tu ili msomaji ajue kwamba nimeyaweka kando kwa makusudi. Nilisikia kwamba watoto wa shule hii wamepanda katika Hisabati kuliko wa shule zote za jirani. Nilisikia kwamba mashine ndiyo iliyowapandisha. Nilisikia pia kwamba mwalimu wa kujitolea wa Darasa la Sita ni mvivu, anakaa nyuma akijikunyata ndani ya shuka huku teknolojia ikimfanyia kazi. Kati ya walionieleza hayo, hakuna hata mmoja aliyewahi kuketi ndani ya darasa hilo tangu kipindi kianze hadi kiishe. Mimi niliketi.

Shule iko juu ya mtaa wa Sakina, mahali ambapo gereji na maduka ya vipuri yanakwisha na mashamba ya migomba na mahindi yanaanza kupanda mlima kuelekea Olmotonyi. Nyumba yangu iko chini yake kidogo. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa mkaguzi wa shule, na nilipostaafu wazazi waliniteua kuingia kwenye kamati ya shule, wadhifa usio na posho wala shukrani. Mfadhili mmoja alikuwa ameleta skrini kubwa ya ukutani, vishikwambi vya kutosha watoto wawili wawili, na intaneti. Masomo yalikuwa yamerekodiwa mbali na kwetu, na mwalimu aliyeonekana ndani yake alikuwa na tai nyekundu na meno meupe sana. Kazi ya mwalimu wetu ilibaki kuwasha na kuzima.

Mwalimu huyo alikuwa na cheti kamili cha ualimu lakini ajira ya serikali ilikuwa haijamfikia. Aliishi kwa michango ya wazazi. Mwenyekiti wa kamati, mfanyabiashara wa ng'ombe na mtu mwepesi wa kuhesabu, akauliza swali ambalo wengi walilipenda: ikiwa mashine inafundisha, kwa nini tuendelee kumchangia mtu wa kuiwasha? Jibu lingetolewa kwenye kikao cha mwisho wa muhula. Ama mwalimu angebaki, ama angeondoka. Mimi niliombwa kuliangalia darasa na kuleta maoni, nadhani kwa sababu neno "mkaguzi" lingependeza katika taarifa kwa mfadhili.

Nilikwenda mara ya kwanza asubuhi ya baridi kali, ukungu ukiwa umeumeza mlima wote hadi kwenye uzio wa shule. Mwalimu alinipa shikamoo, akaniwekea kiti nyuma, akakaa karibu yangu na rimoti mkononi. Skrini ikawaka. Mwenye tai akatokea, na watoto wote wakasimama kwa adabu waliyofunzwa nyumbani, wakasema kwa sauti moja, "Shikamoo, mwalimu!"

Hapo intaneti ikakwama. Kiduara kikaanza kuzunguka juu ya uso wa yule mtu, mdomo wake ukiwa wazi. Mtoto wa kwetu haketi kabla hajaitikiwa, basi wakaendelea kusimama. Mwalimu alinitazama, akaitazama rimoti.

"Amekwama kwenye marahaba," mvulana mmoja akanong'ona.

"Pengine hajajua nani mkubwa," mwenzake akajibu.

Marahaba ilipofika hatimaye, nusu ya darasa ilikuwa inacheka na nusu ilikuwa inatetemeka kwa baridi. Somo lilikuwa kugawanya sehemu kwa sehemu. Mwenye tai alikata piza, chakula ambacho sina hakika kama kuna mtoto mmoja katika chumba kile aliyewahi kukionja, kisha akatoa kanuni: geuza sehemu ya pili juu chini, halafu zidisha. Nusu gawanya kwa robo, alisema, ni mbili.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Akaunyoosha mpaka ukachoka, akaushikilia kwa mkono wa pili, na mwisho akasimama bila kuruhusiwa. "Mwalimu, tumegawanya. Mbona jibu limekuwa kubwa?"

"Vizuri sana!" ikajibu skrini. "Sasa tuendelee."

Nimekagua madarasa yasiyo na madirisha na madarasa yasiyo na walimu, lakini sikuwahi kukutana na jibu la dharau kama lile, na halikuwa hata na mtu wa kulaumiwa. Swali la msichana lilikuwa swali bora kuliko somo lote. Mtoto anayeambiwa ageuze kisha azidishe, asiambiwe kwa nini, amepewa uvumi wenye tarakimu. Atausambaza kama alivyoupokea, na siku atakapousahau hatakuwa na njia ya kuurudia, kwa sababu hakuwahi kuiona njia yenyewe.

Nilimuuliza mwalimu kwa nini hakuinuka kumjibu. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba ameelekezwa asikatize. Somo likisimamishwa, mfumo hauhesabu kwamba limekamilika, na mwalimu mkuu huulizwa na mfadhili. Maswali ya watoto huandikwa kwenye kisanduku ndani ya kishikwambi ili yajibiwe baadaye.

"Na hujibiwa?"

"Sijawahi kuona jibu, mzee."

Kisha likaja zoezi. Watoto walipokea vishikwambi, na nikapita katikati ya madawati kama nilivyozoea. Jibu lisilo sahihi lilileta rangi nyekundu na ruhusa ya kujaribu tena. Jibu sahihi lilileta kijani. Wavulana wawili walikuwa wakibonyeza zamu kwa zamu bila kusoma swali, mmoja amefumba macho kwa majigambo, mpaka kijani kikatoka. Mfumo ukawapongeza kwa makofi. Nilimuuliza aliyefumba macho amepataje jibu. "Si limekubali, babu," akasema, na kwa jinsi alivyonitazama ilionekana mimi ndiye niliyeuliza upuuzi.

Mara ya pili sikutoa taarifa. Ilikuwa Alhamisi, baada ya watoto kunywa uji. Jua lilikuwa limetoka na mlima ulikuwa wazi. Nilipofika mlangoni pa Darasa la Sita nilisikia sauti ya mwenye tai, nikaingia polepole nisikatize. Madawati yote yalikuwa matupu. Ukutani, piza ileile ilikuwa inakatwa kwa furaha ileile. Nikaketi, na kwa sababu nilitaka kuwa na hakika, nikabaki hadi somo lilipofika mwisho na skrini ikatangaza kwamba Darasa la Sita limelikamilisha. Ndipo nilipotoka kufuata kelele za watoto.

Walikuwa nyuma ya darasa, kando ya simtanki la maji. Mwalimu alikuwa ametandika shuka lake kwenye majani, lile la miraba myekundu ambalo watu walilifanya ushahidi wa uvivu wake. Msichana aliyeuliza swali alikuwa amelikunja katikati na kupiga magoti juu ya ukingo wake lisifunguke.

"Hii iliyobaki ni nini?" mwalimu aliuliza.

"Nusu."

"Robo ngapi za shuka zinaingia humo?"

Msichana akakunja tena, akafungua, akapima kwa kiganja. "Mbili."

"Basi kilichokuwa kikubwa ni kitu gani? Shuka limekua?"

Watoto wakacheka. Mvulana mmoja akasema taratibu, kama mtu anayejisemea, "Kumbe jibu siyo shuka. Jibu ni vipande."

Mwalimu aliinua uso akaniona, na rangi ya furaha ikamtoka. Aliwapa watoto kazi ya kufanya, akanisogelea. Hakujaribu kunidanganya, na kwa hilo nilimheshimu. Alinieleza kwamba hufanya hivyo tangu muhula uanze. Somo huachwa likimbie ndani mpaka mwisho ili mfumo uridhike, naye huwafundisha nje. Kisha wanarudi wakabonyeze mpaka kijani kitoke. Mtihani wa ndani ukija, wanafaulu.

"Na sifa inakwenda kwa skrini," nikasema.

"Sifa sikuitafuta, baba. Ila ukisema hili kwenye kikao, nimekwisha."

Nilimjibu kwamba nitasema niliyoyaona, bila kupunguza na bila kuongeza.

"Basi ona na hili," akasema, na akaniachia watoto. Nikawapa hesabu ambayo haikuwa kwenye skrini: theluthi mbili ina sudusi, yaani moja ya sita, ngapi? Walikunja shuka kwa fujo, wakabishana, mmoja akamsukuma mwenzake, na msichana yule akasema nne, akanionyesha kwa nini. Hakuna aliyetaja kugeuza juu chini.

Kikao kilifanyika katika ofisi ya mwalimu mkuu, kwa soda na maandazi. Kijana mtaalamu wa mfadhili, mwenye heshima na mwenye kuchosha, alifungua kompyuta yake na kutuonyesha safu za kijani. Alisema mfumo unasoma kwamba Darasa la Sita wamemaliza masomo yote, na kwamba matokeo ya mitihani yanathibitisha. Mwenyekiti alifurahi kama aliyeuza fahali wake kwa bei aliyoitaja mwenyewe.

"Mzee wangu," akaniambia, "kijani kitupu hicho, umekiona mwenyewe. Au wewe na hivi vitu bado ni paka na maji? Tukununulie simu ya kitochi upumzike?"

Walicheka. Nilisubiri wamalize. Nikawaambia simu yangu ina intaneti kama ya mwenyekiti, nasoma magazeti humo kila asubuhi, na sipingi kitu nisichokijua. Kisha nikamwomba kijana afungue Alhamisi ile, kipindi cha baada ya uji.

Akatafuta. "Kipindi kimekamilika. Wanafunzi wote."

"Wote walikuwa ndani?"

"Mfumo unasoma wote, mzee. Mfumo hausemi uongo."

"Alhamisi hiyo nilikuwa ndani ya chumba hicho," nikasema. "Mwanafunzi nilikuwa mimi peke yangu."

Niliwaeleza yaliyosalia kwa mpangilio: skrini mbele ya madawati, shuka kwenye majani, theluthi mbili. Nikasema kwamba kama alama zimepanda, nimeona kwa macho yangu mtu mmoja anayefundisha, na huyo ndiye mnayetaka kumwondoa kwa sababu ya mafanikio yake.

Macho ya mwalimu mkuu yalikuwa yameiva kwa hasira. Akaagiza mwalimu aitwe, na alipoingia hakumkaribisha kiti. Alimuuliza kwa nini amewadanganya yeye, kamati na mfadhili.

"Niliambiwa somo lifike mwisho," akasema. "Lilifika. Sikuambiwa lolote kuhusu watoto kuelewa."

Mwenyekiti akanigeukia. "Kwa hiyo, mzee, unataka tumlipe kwa kutudanganya?"

"Nataka mmlipe kwa kufundisha. Mwiteni mtoto yeyote wa Darasa la Sita, mumuulize."

Mwalimu mkuu alijibu kwamba watoto si ajenda ya kikao. Kijana mtaalamu, ambaye hadi hapo sikumwona akiwa na woga, akasema kwa upole kwamba taarifa ya muhula imekwisha kutumwa kwa mfadhili na hairekebishiki. Na kwamba ikijulikana masomo yalikimbia bila wanafunzi, vifaa vyote vinaweza kuondolewa. Sentensi hiyo ndiyo iliyohukumu. Niliziona nyuso zikibadilika. Hakuna aliyemuuliza tena mwalimu chochote. Mwenyekiti akaomba mikono ya wanaokubali kwamba michango isitishwe na mwalimu asiendelee baada ya siku hiyo. Mikono ikainuka, isipokuwa wangu na wa mama mmoja mzazi aliyekaa karibu na mlango. Taarifa ya kijani ikabaki kama ilivyo.

Nilimkuta mwalimu uani. Hakulia wala hakunishukuru.

"Ungenyamaza, mzee, ningeondoka vilevile," akasema. "Lakini nisingeondoka na jina la mdanganyifu."

Nikamwambia kwamba kunyamaza kwangu kungeliacha neno la mashine lisimame peke yake.

"Na sasa limesimama na nani?"

Jibu la swali hilo sitalitunga hapa kwa sababu tu nina kalamu.

Yaliyofuata baada ya siku hiyo nimeyasikia kwa wengi. Wengine wanasema mwalimu amepata shule ya binafsi upande wa Sombetini. Wengine wanasema amerudi kwao. Wako wanaosema alama za Darasa la Sita zimeporomoka na wako wanaosema zimepanda zaidi, ikitegemea nani amekaa karibu na mwenyekiti. Sijui. Ninachoweza kukishuhudia kinaishia kwenye kipindi cha mwisho cha siku ile.

Kipindi hicho kilikuwa chake, na hakuna aliyekumbuka kumzuia, kwa kuwa ofisini walikuwa bado wanamalizia soda. Aliingia darasani, akachomoa waya wa skrini ukutani, akafuta ubao kwa ncha ya shuka. Nilimfuata nikaketi nyuma. Aliandika hesabu za kugawanya sehemu, ngumu kuliko za Alhamisi, akawaita watoto ubaoni mmoja mmoja. Aliyekosea alirudishwa mwanzo bila kubembelezwa. Katikati ya kipindi mwalimu mkuu alitokea mlangoni, akaitazama skrini iliyozimwa, akanitazama mimi, akaondoka. Kengele ilipogongwa, mvulana aliyewahi kufumba macho alikuwa ubaoni na chaki, amekosea mara ya pili, na mwalimu alikuwa amesimama kando yake akimwuliza kwa nini. Watoto wengine walikuwa bado wamekaa, hakuna aliyeinuka kwenda nyumbani.