Wiki ya Kufuatisha

Nilipangiwa shule nje kidogo ya Masumbwe nikitokea Tanga, na Kisukuma sikujua hata salamu. Mwalimu mkuu, mtu wa Mtwara, mpole, alinikabidhi darasa la kwanza: watoto zaidi ya themanini, wengi wao Kiswahili walikuwa wakikisikia redioni tu. Walimu wawili waliojua lugha yao walikuwa semina wiki nzima.

Jumatatu nilianza na salamu. "Hamjambo?" Wakatazamana. Nikagusa mdomo wangu, nikawaonyesha midomo yao. "Fuatisheni: hatujambo."

"Fuatisheni: hatujambo," wakasema kwa pamoja, mabati yakatetemeka.

"Hapana, semeni lile la mwisho tu."

"Hapana, semeni lile la mwisho tu."

Nikacheka. Wakacheka. Nilipoacha, wakaacha.

Jumanne nilipiga chafya, darasa zima likapiga chafya. Kisha mama yangu akapiga simu, nami nikanong'ona, "Shikamoo mama, niko darasani, nitakupigia." Watoto nao wakanong'ona vivyo hivyo, neno kwa neno. Mama akaitika, "Marahaba, wanangu."

Jumatano nilimwendea mwalimu mkuu. Akaja mwenyewe, akasimama mbele ya ubao.

"Watoto, mimi ndiye mwalimu mkuu."

"Watoto, mimi ndiye mwalimu mkuu."

"Ni wasikivu sana," akaniambia, akatoka kwa haraka kuliko alivyoingia.

Alhamisi niliamua kutosema kitu. Nilichora irabu ubaoni, nikainua kidole kuionyesha a. Vidole zaidi ya themanini vikainuka vikaganda hewani. Nilikaa hivyo nikisubiri mmoja achoke. Niliyechoka ni mimi.

Ijumaa, bila taarifa, alifika afisa elimu wa kata na pikipiki yake. Nikajua kibarua kimeota nyasi. Alivua kofia ya pikipiki, akaikumbatia, akawauliza, "Watoto, mwalimu wenu anafundisha vizuri?"

"Watoto, mwalimu wenu anafundisha vizuri?"

Akanigeukia. "Wananiuliza mimi?"

"Nadhani hivyo, mheshimiwa."

Akafikiri, akakohoa, watoto wakakohoa. "Mimi naona anafundisha vizuri," akawajibu.

"Mimi naona anafundisha vizuri."

Akatoa daftari, akaandika kwamba wanafunzi wamethibitisha. Aliponipa mkono kuniaga, safu yote ya mbele ilisimama kupeana mikono.

Mama anayetupikia uji alikuwa ameona yote dirishani, upawa mkononi, machozi ya kicheko yakimtoka. Nilimfuata nje kabla sijaanza kutoa machozi yangu.

"Mama, watoto hawa wananidhihaki?"

"Hapana, mwalimu. Sisi mtu akikwambia mwangaluka asubuhi, nawe unamrudishia mwangaluka. Hiyo ndiyo heshima. Na wewe ukawaambia wafuatishe. Wamefuatisha."

"Sasa nifanyeje?"

Aliingia darasani, akasema maneno machache kwa Kisukuma. Watoto wakanigeukia. Walinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama ndama aliyezaliwa dhaifu.

"Umewaambia nini?" nikauliza, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuna aliyenifuatisha.

"Kwamba mwalimu wao hajui kuongea, wamvumilie."

Binti mmoja wa dawati la mbele alinishika mkono, akanipeleka mlangoni, akaugonga, akautaja kwa Kisukuma, polepole. Nikajaribu. Akatikisa kichwa. Nikajaribu tena, nami nikamwambia, "Mlango." Akasema, "Mlango," akaishia hapo. Tukaenda dirishani, tukaenda ubaoni, wengine wakitufuata nyuma kama msafara wa harusi, hadi uji ukapoa na mama mpishi akaanza kutugombeza sote.

Walimu wa semina waliporudi Jumatatu, mmoja aliniuliza kama nilipata shida yoyote. Nilimwambia sikupata. Taarifa ya afisa elimu tayari ilikuwa imebandikwa ofisini, na sikuona sababu ya kubishana na maandishi.