Mtihani wa Chai ya Mama

Nafundisha uzamili wa mifumo ya kompyuta ya hospitali, na darasani wauguzi wamechanganyika na watu wa kompyuta. Mitihani ya kuandika imenichosha; kila mtu anaandika yale aliyokuja akiyajua. Siku hizi nawaleta nyumbani, mtaa wa Ziwani, kila mmoja amweleze mama yangu kazi ya mwenzake. Mama ana presha, kliniki anaijua. Akikuelewa, anakuongezea chai. Asipokuelewa, anabadilisha mada na kukuuliza kwenu ni wapi.

Jana muuguzi alieleza jinsi kompyuta inavyotunza rekodi za dawa, akajaziwa kikombe. Yule wa kompyuta akaeleza zamu ya wodini, akapata chai na mandazi. Nikafurahi, nikamweleza mama jinsi ninavyowapa alama.

Akaniangalia kwa upole. "Na wewe, kwenu ni wapi?"